Mwaka Tuliopima Methanoli

Daktari Byera tulimzika mwezi uliopita kwao Muleba, katika kibanja cha baba yake, upande wa chini ambako migomba ilikatwa ili kupata nafasi ya kaburi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na udongo ulikuwa mzito, ukishika viatu vya watu na kuwapunguza mwendo, hata jeneza lilionekana kama halitaki kufika. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mwanasayansi, akanyamaza kama anayetafuta neno linalofuata, kisha akasema alichunguza nyota. Baada ya chakula mpwa wake mmoja, mama wa makamo, alikuja kukaa karibu nami. "Wewe ulifanya naye kazi," alisema. "Sisi tulimwona tu anakaa kwenye kompyuta. Hasa alikuwa anatafuta nini?" Nikamjibu kwamba alikuwa anapima kama maumbile yanafuata leo sheria zile zile yalizofuata zamani. Akaitikia kwa adabu, kama mtu anavyoitikia habari za wageni, akaniongezea nyama kwenye sahani. Nimekuwa nikilifikiria swali lake tangu siku hiyo. Jibu lake halikutoshea pale msibani. Limo ndani ya mwaka mmoja niliokaa Nyanga, pembeni mwa mji wa Bukoba, na Daktari na mdogo wake, nikiwa binti niliyetoka chuo kikuu na shahada ya fizikia isiyonipatia kazi. Habari za wazazi wangu na utoto wangu wa Izimbya hazihusiki, naziacha. Nimefanya mengi baadaye, nimefundisha, nimezaa, nimehama miji, lakini ni mwaka ule ninaouota, na kuna sehemu zake ambazo mpaka leo sipendi kuzikumbuka nikiwa peke yangu ndani ya nyumba.

Nyumba ya Nyanga ilikuwa ya matofali ya kuchoma, katikati ya migomba na mibuni iliyozeeka, na chumba tulichofanyia kazi kilikuwa zamani stoo ya kahawa. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa lakini harufu ya maganda ya kahawa haikutoka. Siku za mvua ilizidi, kana kwamba magunia yangali pale na sisi ndio hatuyaoni. Kulikuwa na meza mbili, kompyuta mbili, betri ya gari kwa ajili ya siku ambazo umeme ulikatika, na dirisha moja lililoelekea ziwani. Ziwa lenyewe halikuonekana mara nyingi. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka huko ukasimama kati ya migomba, mweupe, hautikisiki, na mpaka uondoke usingejua kama chini yake bado kuna mji. Majirani walisikia mwenye nyumba ni daktari, kwa hiyo walimletea watoto wenye homa, naye aliwaeleza kwa Kihaya, kwa upole, kwamba yeye ni daktari wa vitu vingine, akawasindikiza mpaka njiani. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ng'ambo kwenye darubini za redio, na mama yao alipofariki aliomba ruhusa ya kufanyia kazi zake nyumbani ili amtunze mdogo wake, Philbert, aliyekuwa kipofu.

Siku ya kwanza alinipa punje za kahawa iliyokaushwa nitafune, kama mgeni anavyopewa kwetu, akaniuliza kama naijua methanoli.

"Ni pombe isiyonyweka," nilisema. "Tulifundishwa chuoni. Inaua."

"Ndiyo hiyo." Aliutazama mlango, ambao ulikuwa umefungwa. "Iko pia huko juu. Nyingi kuliko maji ya ziwa hili."

Akanieleza akichora kwenye karatasi. Mbali sana kuna galaksi ambayo kiini chake kinawaka kwa nguvu kama taa. Katikati ya njia, kati ya taa hiyo na sisi, kuna galaksi nyingine yenye mawingu ya gesi, na ndani ya mawingu hayo mna molekuli za methanoli. Mawimbi ya redio kutoka kwenye taa yakipita humo, molekuli humeza masafa yake maalumu na kuyaacha mengine, hivyo yanapotufikia yana mapengo membamba, ambayo sisi tuliyaita mistari. Mahali pa kila mstari panategemea uzito wa protoni ukilinganishwa na uzito wa elektroni, uwiano ambao vitabu vyote huuandika kama kitu kisichobadilika. Lakini mawimbi yale yalipita kwenye mawingu kabla jua letu halijawaka. Kama zamani hizo uwiano ulikuwa tofauti, hata kwa kiasi kidogo sana, basi baadhi ya mistari ya methanoli ingekuwa imesogea zaidi ya mingine, kwa sababu methanoli huhisi mabadiliko hayo kuliko karibu molekuli zote. Kazi yangu ilikuwa kupima mahali pa kila mstari bila kuangalia vipimo vya Daktari, ili mwishowe tulinganishe.

"Na kama mmoja umesogea?" niliuliza.

"Basi hakuna kitu kilicholazimika kuwa kilivyo," alisema, akaigeukia kompyuta yake.

Philbert alishinda ukumbini, kwenye kiti cha mbao chenye mto. Alikuwa na mwili mkubwa wa mtu aliyewahi kubeba magunia, na macho yake hayakuwa na dosari yoyote. Hilo ndilo lililonitisha kwanza. Yalikuwa safi, meusi, yakikuelekea sawasawa, ila yakisimama kidogo kabla ya kukufikia. Siku za mwanzo nilipita mbele yake kimya, nikiogopa kumsumbua, mpaka asubuhi moja aliponyoosha mkono kunizuia.

"Simama. Wewe ni Koku, au ni mmoja wao?"

"Ni Koku, Ta Philbert. Shikamoo. Wao akina nani?"

"Sema tena kidogo."

Nikarudia salamu, na lile Ta la heshima tunalowaitia wanaume wakubwa. Uso wake ukalegea. "Marahaba," alisema. "Wao hawasemi. Ndiyo maana nimeuliza."

Alinisimulia bila kujionea huruma, akichezea kitambaa mkononi. Tangu apofuke hakuwa amewahi kuliona giza. Alichoona ni weupe, kama ukungu uliobandikwa usoni, mchana na usiku, hata akifumba macho alale. Na ndani ya weupe ule walitokea watu. Walivaa nguo ndefu na vitambaa vya kichwani. Nyuso zao zilikuwa na mikunjo, nywele, makovu, safi kuliko alivyomwona mtu yeyote wakati ana macho. Hakuwafahamu hata mmoja. Hawakumtazama. Wote walitazama upande mmoja, kama watu wanaosubiri mlango ufunguliwe.

"Upande gani?" niliuliza, na papo hapo nikajuta.

Alinyoosha kidole kuelekea stoo ya kahawa, mahali ilipokuwa meza yangu.

Nilimweleza Daktari, naye hakushangaa. Alisema ubongo usipoletewa picha na macho hujichorea zake, kwamba daktari wa macho amemhakikishia hutokea kwa vipofu wengi wenye akili timamu, na Philbert mwenyewe anajua hakuna mtu pale. "Kwa nini wanatazama huku, hilo sijui," alisema. Tangu siku hiyo niliigeuza meza yangu ili mgongo wangu usielekee mlango. Ninapofikiria sasa, nikiwa na umri ambao Daktari alikuwa nao wakati ule, najua kulikuwa na maelezo ya kitabibu na yalikuwa sahihi. Lakini nilikuwa nikiingia asubuhi, nikamkuta Ta Philbert amegeuza kichwa kuwafuata kwa macho watu wanaopita taratibu mbele ya kabati la vyombo, na maelezo hayo yalinisaidia kidogo sana.

Mchana tulikula pamoja. Shangazi yao, Ma Eliza, ambaye ndiye aliyeongoza jikoni, alipika ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa maharage au kwa dagaa, akafunika sufuria kwa majani ya mgomba na kuiacha juu ya makaa mpaka tuitwe. Msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa kwetu, tulikaa wote barazani kuyatoa mabawa, na Philbert alifanya haraka kuliko sisi, vidole vyake vikitembea vyenyewe. Wakati wa kula aliuliza swali lile lile kila siku: "Leo imebadilika?" Daktari alijibu kwamba bado tunapima. Siku moja hakutosheka.

"Huko mlikoiona hiyo kitu, kuna watu?"

"Hakuna," alisema Daktari.

"Wanyama?"

"Hakuna. Ni gesi na vumbi, na baridi isiyo na mfano."

"Na ni ile ile? Siyo ndugu yake, ni yenyewe?"

"Ni yenyewe."

Philbert alitafuna polepole. "Sasa iko huko inafanya nini," alisema, "na hakuna mtu wa kumnywesha?" Ma Eliza alimwambia kwa Kihaya aache, chakula kinapoa. Daktari aliweka kijiko chini, akatoka, na nilimwona kupitia dirishani amesimama katikati ya migomba akiwa ameshika jani moja, bila kufanya kitu. Sikuelewa. Nilijua tu kwamba Philbert alipofushwa na pombe mbaya, kama watu wengine kadhaa niliowahi kuwasikia katika mkoa wetu. Sikujua zaidi, na katika nyumba ile hakuna aliyenipa nafasi ya kuuliza.

Masika yalipoanza tulilinganisha vipimo, na mstari mmoja ulikuwa umesogea. Nilikuwa nimeuona peke yangu kwa majuma kadhaa nikadhani nakosea. Nilipima upya, nikabadilisha njia, nikaanza mwanzo, nao ulikuwa pale pale, pembeni kidogo ya mahali ulipotakiwa kuwa. Daktari aliigeuza kompyuta yake nione. Na kwake pia. Nikasikia mvua ikihama kutoka bati la upande mmoja kwenda la upande wa pili. Kisha akainuka, akafunga pazia mchana kweupe, akasema, "Usimwambie mtu. Hata kwenu. Nitaomba darubini waiangalie tena." Alipogeuka niliona kwamba hakuwa na hofu. Alikuwa na furaha. Ilikuwa furaha ya namna ambayo sijawahi kuiona tena kwa mtu, ya mtu aliyeambiwa kwamba marehemu wake ameonekana sokoni.

Tulisubiri darubini kwa miezi. Ni kipindi hicho nilichosema sipendi kukikumbuka nikiwa peke yangu. Wadudu wa ziwani waliinuka alasiri juu ya maji, nguzo nyeusi baada ya nguzo, zikipinda na kusogea kama moshi wa vijiji vinavyoungua, na upepo ulipozigeuza kuja kwetu tulifunga madirisha tukasikia maelfu ya viwiliwili vidogo vikigonga kioo. Mimi nilikuwa nimeanza kuuona ule mstari kila mahali. Niliuona kwenye ufa wa ukuta, kwenye mshono wa pazia, kwenye mpaka kati ya ziwa na mbingu, na kila mara niliuona umekaa pembeni kidogo ya mahali pake. Nilitazama sufuria ya Ma Eliza ikichemka nikajikuta nangoja isichemke. Nilikuwa nimesoma fizikia miaka mingi kama mtu anavyotembea kwenye sakafu, bila kuifikiria sakafu; sasa nilikanyaga nikisikiliza. Kuna mchana mmoja nilitoka stoo nikamkuta Philbert amesimama katikati ya ukumbi, jambo ambalo hakulifanya bila kushikwa mkono.

"Wamegeuka," aliniambia kwa sauti ndogo.

"Nani, Ta?"

"Wale. Leo wananitazama mimi."

Nilimshika mkono nikamrudisha kitini. Mkono wake ulikuwa baridi. Nilikaa naye, nikamsimulia habari za soko la Bukoba na maduka mapya ya Miembeni, chochote kilichonijia mdomoni, ili asikie sauti ya mtu. Na ukweli ni kwamba nami nilihitaji kuisikia.

Habari kamili niliipata jikoni, bila kukusudia. Alikuja mgeni kutoka Muleba, jirani wa zamani wa familia, wakawa wanamenya ndizi yeye na Ma Eliza, mimi nikiwa nyuma ya ukuta naanua nguo.

"Paskazia bado yupo?" aliuliza Ma Eliza.

"Yupo, kama unaweza kuita vile kuwepo. Kanisani benchi analo peke yake. Akienda kisimani watu wanasimama mbali mpaka aondoke. Hakuna anayekula kitu cha mkono wake."

"Hata sasa?"

"Ulitaka wasahau? Watu waliozikwa, na huyu mtoto wenu macho kwisha. Na katika sherehe ya heri, ya Byera kupata udaktari. Wazazi wanafurahi, ngoma, watu wamejaa. Ma Eliza, pombe ilikuwa moja, chombo kimoja. Mmoja amekufa, mwingine amepofuka, na aliyekaa katikati yao ameamka asubuhi akaenda kuchuma kahawa. Pombe gani hiyo inayochagua watu? Pale palikuwa na mkono."

Nilisikia kisu cha Ma Eliza kikiendelea kumenya.

Nilisimama na shuka mikononi mpaka mgeni akaondoka. Ilikuwa sherehe yake. Walikuwa wamekuja kumpongeza yeye, wakanywa kwa jina lake, na kati ya molekuli zote zilizoko mbinguni alikuwa amechagua kuichungulia ile moja maisha yake yote. Jioni, tukiwa tunafunga kompyuta, nilimwambia Daktari nimesikia. Hakukasirika. Alisema Ma Paskazia alikuwa mpikaji wa konyagi ya kienyeji aliyeaminika kijiji kizima. Wageni walizidi, pombe yake ikapungua, akaongezea dumu la mchuuzi aliyekuwa anapita, nalo lilikuwa limechanganywa na spiriti ya kiwandani yenye methanoli. Mchuuzi hakuonekana tena. Kijiji kilikuwa kimebaki na mwanamke mmoja wa kumtazama.

"Hukuwaeleza?"

"Niliondoka baada ya mazishi. Nilirudi ng'ambo," alisema. "Kila nilipokuja likizo nilipita njia ya mbali ili nisione nyumba yake."

Vipimo vipya vya darubini vilifika Daktari akiwa amempeleka Philbert kliniki. Zamani mistari ilikuwa imenaswa kwa nyakati tofauti, huu mwezi huu, ule miezi kadhaa baadaye. Safari hii yote ilinaswa pamoja. Nilivuta faili polepole, maana mtandao ulikuwa wa kusuasua, nikaanza kupima huku nikiwa na hakika ya nitakachoona. Mstari ulikuwa mahali pake. Nilipima tena, nikautafuta pale pembeni ambako macho yangu yalikuwa yamezoea kuukuta, na pale pembeni hapakuwa na kitu. Nikayafungua yale ya zamani nikayaweka kando ya mapya, na baada ya saa nyingi nikaona kilichotokea. Ile taa ya nyuma haikuwa imetulia. Katika vipimo vya zamani, baada ya mistari mingine kunaswa na kabla ya ule mmoja kunaswa, ilikuwa imewaka zaidi upande mmoja, hivyo mawimbi yalipita sehemu nyingine ya wingu, ambako gesi ilikuwa inakwenda kwa kasi tofauti. Kilichosogea kilikuwa njia ya mwanga. Methanoli yenyewe haikuwa imegeuka hata chembe. Ningepaswa kufarijika, na sehemu yangu moja ilifarijika. Lakini nilikuwa nimeuona mstari ule miezi mingi kwenye kuta, waziwazi, na haukuwepo. Nilitazama ukumbini, kwenye kiti kitupu cha Philbert, na nikawaelewa wageni wake, wale watu wa ndani ya weupe, zaidi ya nilivyotaka.

Daktari alirudi, nikamwonyesha. Alisoma akiwa amesimama, bado na mkoba begani. Kisha akaketi kwenye kiti changu, akauliza maswali machache ya kazi, yote ya maana, na nilimjibu yote.

"Ni sahihi," alisema. "Umefanya vizuri sana, Koku. Tutaandika kwamba haikubadilika."

"Pole, Daktari."

"Nilitaka kuona kitu kimoja tu," alisema akiitazama kompyuta, "ambacho kingeweza kuwa vinginevyo." Akaufunika uso wake kwa mikono miwili na kulia, bila sauti, kama watu waliozoea kulia kwenye nyumba zenye kuta nyembamba.

Mlango ulikuwa wazi. Philbert alikuwa amekuja mwenyewe, akipapasa ukuta, na sasa alisimama kizingitini, mahali ambako wageni wake walikuwa wakitazama mwaka mzima. "Imebadilika?" aliuliza.

"Haikubadilika," alisema dada yake. "Ni ile ile. Huko, na hapa, na zamani zote."

Nilidhani ataumia. Aliegemea mlango akafikiri. "Basi kama haibadiliki, niambie kwa nini mimi," alisema. "Miaka yote hii sikukuuliza kwa sababu niliogopa utaniambia hujui."

Daktari alifuta uso. Alimweleza taratibu, kwa Kihaya, akitafuta maneno ambayo lugha yetu haikuwa nayo. Mwili huigeuza methanoli kuwa sumu, lakini mtu akiwa tayari amekunywa pombe ya kawaida, mwili hushughulika na hiyo kwanza, na ile mbaya hutoka nyingi kabla ya kugeuzwa. Waliopona walikuwa wameshinda tangu asubuhi wakinywa rubisi, ile pombe ya ndizi. Philbert alikuwa akibeba viti na kuhudumia wageni, hakuonja kitu mpaka jioni, na alipokaa alimiminiwa konyagi peke yake.

"Viti," alisema Philbert.

"Viti. Nami ndiye niliyekuagiza uvibebe."

Alitafuta bega la dada yake kwa mkono, akalipata. "Basi haikunichagua," alisema. "Na Paskazia hakunichagua." Akalibana lile bega. "Nipelekeni kwake."

Daktari alikataa siku kadhaa. Alisema barabara mbaya, alisema mvua, alisema mama yule amezeeka na hatatufahamu. Philbert hakubishana; kila mchana mezani, mahali pa swali lake la zamani, aliuliza kama ni kesho. Mwishowe tulikodi gari tukaenda, mimi na wao wawili. Njia ya kwenda kwa Ma Paskazia ilikuwa imeota majani katikati na pembeni, njia isiyokanyagwa na mguu wa mtu mwingine, na migomba yake ilikuwa imeachwa mpaka majani makavu yakafunika nuru, tukawa tunatembea mchana ndani ya kitu kama jioni. Hakuna mbwa aliyebweka. Nyumba ilikuwa na mlango wazi. Ndani, kikongwe mwembamba alikuwa amekaa kitako kwenye majani makavu yaliyotandikwa chini, na alipotuona hakuinuka wala kusalimu. Alitutazama mmoja mmoja, nikatambua kwamba anangoja kujua kama sisi ni watu wa kweli.

"Ma Paskazia," alisema Philbert. "Ni Philbert. Nimekuja na Byera."

Kikongwe alijifunika mdomo kwa kitambaa. Philbert alikaa chini, nami nikamsaidia, akaanza kusema: habari za dumu la mchuuzi, za rubisi na viti, za sumu isiyojua jina la mtu. Daktari alikuwa bado amesimama mlangoni. Mdogo wake alipomaliza, mama yule alisema kwa sauti iliyokwaruza, "Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nilifanya." Alisema alikuwa amejichunguza miaka yote, akitafuta chuki ambayo lazima aliibeba bila kuijua. Ndipo Daktari alipoingia, akapiga magoti mbele yake, akamwomba msamaha kwa kutokuja.

Kisha Ma Paskazia aliuliza, kama mtu anayeuliza jambo la hatari, kama tungekunywa chai. Philbert alisema ndiyo kabla hajamaliza. Mama yule alichemsha maji kwenye moto wa kuni, akaosha vikombe mara mbili mbele yetu, akavikagua kwenye mwanga, akaviosha tena. Alinipa changu kwanza. Nilimwona Daktari akikishika chake kwa mikono miwili, akikitazama ndani, yule mwanamke aliyejua kuliko mtu yeyote mkoani kile kinachoweza kuwemo ndani ya kikombe. Alianza kukipeleka mdomoni.

"Siyo hapa," alisema Ma Paskazia. "Tukanywee nje. Barabarani, wanapopita watu."

Tulibeba vikombe vyetu na kiti kimoja cha Philbert tukapita kwenye ile njia yenye majani mpaka ukingoni mwa barabara, tukakaa pale kwenye mwanga, na watu walikuwa wanarudi kutoka gulioni, wanawake wenye vikapu na wanaume wenye baiskeli. Waliotuona walipunguza mwendo. Wengine walisimama kabisa. Philbert aliinua kikombe akanywa, kwa kelele, kama mtu anywavyo chai ya moto, kisha akaomba aongezewe. Daktari alikunywa chake mpaka chini. Mwanamke mmoja mwenye jembe begani, wa umri wa Ma Paskazia, alivuka barabara akaja akasimama mbele yetu, akitazama kikombe changu, halafu cha Byera, halafu uso wa Philbert. Aliliteremsha jembe.

"Paskazia," alisema, "hakuna kilichobaki kwenye sufuria?"